Talaka za Wazee Wetu: Jinsi Zilivyoandikwa na Jinsi ya Kuzitafuta

Wazee wetu husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twazoea kulisikia dukani na shambani, lakini ukoo nao ni mali, tena ni mali isiyonunulika, nao hupotea vilevile usipoandikwa. Katika miaka hii watu wengi wameanza kuandika nasaba zao. Huandika kwamba fulani alizaliwa na fulani, akaoa kwa fulani, akafa, akazikwa mahali fulani. Jambo moja hulipita upesi, kama mtu apitavyo penye matope, nalo ni talaka. Ama huona haya kulitaja, ama hudhani kwamba habari zake haziwezi kupatikana. Sisi nasi tulikuwa katika kundi hilo, hata tulipofikiwa na jambo tutakalolieleza hapa. Na kwa kuwa jambo hilo lilitufunza mengi juu ya lugha na desturi, twaona vema kuwaandikia wasomaji wetu.

Alitujia mtu mmoja tuliyemfundisha zamani, mwenyeji wa pwani kati ya Tanga na Pangani. Babu yake mzaa baba aliacha shamba la minazi, nalo halikugawanywa tangu alipofariki. Siku ya kuligawanya ilipofika, jamaa wa upande wa mke mkubwa walisema, "Baba yako hana sehemu. Mama yake aliolewa na babu yetu hali yu mke wa mtu. Mume wake wa kwanza hakumwacha." Wengine wakaongeza kwamba hata kama aliachwa, mume yule alimrejea kabla eda haijaisha, ila mwanamke mwenyewe ndiye aliyekataa kurudi nyumbani. Basi kwa maneno hayo machache baba yake, aliyekwisha kufa, aligeuzwa kuwa mwana wa haramu, na mwana wa namna hiyo kwa sheria ya Kiislamu hamrithi baba. Yule mtu alituambia, "Mwalimu, minazi naweza kuiacha. Lakini jina la baba yangu nitaliachaje?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwambia tu kwamba tutatafuta pamoja. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyaona njiani.

I. Maneno yenyewe

Atafutaye habari za talaka sharti kwanza ayajue maneno, maana kila neno lina hukumu yake. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kadhalika mwanamume huacha na mwanamke huachwa. Lugha yenyewe imekwisha kumweka mwanamke mahali pa kutendwa. Kwa hiyo mtu akisema, "Bibi yetu aliachwa," tusidhani kwamba amekwisha kutueleza jambo lilivyokuwa. Amesema tu kama ilivyo kawaida ya ulimi, naye huenda hajui kabisa ni nani aliyeitaka talaka ile.

Talaka ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kufungua au kuachilia. Mume akitoa talaka moja au mbili, aweza kumrejea mke wake maadamu eda haijaisha, wala hapana haja ya mahari mapya. Kitendo hiki huitwa rejea. Akitoa ya tatu, mlango umefungwa, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa hiyo ya pili itimie, kisha nayo ivunjike. Mume huyo wa katikati, akiwa ameoa kwa kusudi la kumhalalisha mke kwa yule wa kwanza, Waswahili humwita muhalili.

Neno la pili ni khului. Hapa mwanamke ndiye ajinunuaye. Humrudishia mume mahari yake, au humpa mali nyingine watakayopatana, naye mume humfungua. Tofauti yake na talaka ya kawaida ni kubwa: katika khului mume hana rejea. Akimtaka tena mwanamke yule, sharti amwoe upya, kwa ridhaa yake na kwa mahari mapya. Tunamwomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia mwishoni.

Neno la tatu ni fasikhi, yaani ndoa kuvunjwa na kadhi, kama mume ameshindwa kumlisha mkewe, au ana kasoro ambayo sheria yaitambua. Na neno la nne ni eda, muda ambao mwanamke hukaa kabla ya kuolewa tena. Aliyeachwa hukaa twahara tatu, au miezi mitatu kama hapati hedhi. Mwenye mimba hukaa hata ajifungue. Aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, na mwanamke wa namna hii pwani huitwa kizuka. Mwanamke aliyeachwa huitwa mtalaka. Lakini watu wengi hulitumia neno mjane kwa yeyote asiye na mume, awe amefiwa au ameachwa. Basi tukiona katika orodha ya zamani mwanamke ameandikwa "mjane", tusimwue mume wake kabla ya siku zake.

II. Talaka isiyo na karatasi, na talaka yenye karatasi

Watu wa Ulaya watafutao talaka za wazee wao wana taabu ya namna nyingine. Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1857 iliyoanza kazi Januari 1858, mtu hakuweza kuachana na mkewe hata akaruhusiwa kuoa tena, ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge kwa ajili yake mwenyewe. Kwa hiyo talaka zilikuwa chache mno, nazo zilikuwa za matajiri, lakini kila moja iliandikwa. Kwetu pwani mambo ni kinyume. Talaka zilikuwa nyingi, bali karatasi ni chache.

Sababu yake ni wazi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, talaka ya mume hutimia kwa kutamkwa. Haihitaji kadhi, wala mwandishi, wala hata shahidi. Mume aliweza kumwacha mkewe jioni barazani, na asubuhi mke akafunga mizigo yake kwenda kwa wazee wake, na hapana aliyeshika kalamu. Katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mna habari za ndoa na talaka za watu wa Mrima kama zilivyokuwa zamani za Wadachi. Atakaye kujua desturi ilivyokuwa, aanzie hapo. Lakini kitabu kile chaeleza desturi, hakitaji talaka ya babu yako.

Khului na fasikhi zilikuwa mbali na hayo. Khului ina mali ndani yake, na penye mali watu hutafuta mashahidi na mwandishi. Fasikhi haiwezi kuwa bila kadhi. Kwa hiyo twapata kanuni moja, nayo ni ya ajabu kidogo: talaka iliyotoka kwa mwanamume aghalabu haikuacha alama, bali ile aliyoitaka mwanamke ndiyo iliyoandikwa. Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Susan Hirsch, alichunguza mahakama za makadhi za Mvita na Malindi, na kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Ameonyesha ya kuwa waendao mbele ya kadhi na madai ya ndoa wengi wao ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Ijapokuwa habari zake ni za miaka ya karibu, zapatana na tuliyoyaona katika karatasi za zamani.

Tena iko sababu nyingine ya kutafuta upande wa wanawake. Mwanamume akitaka kuoa tena haulizwi kitu, maana ana ruhusa ya wake wanne. Mwanamke akitaka kuolewa tena huulizwa, "Umeachwa na nani, na hati yako i wapi?" Basi hati ya talaka ilikuwa kwake kama cheti cha njia. Aliihifadhi katika kasha lake, pamoja na vipuli vyake na karatasi za shamba, na alipokufa ilirithiwa na binti yake au na mtoto wa dada yake. Watu wengi hutafuta katika nyumba za baba zao, wasione kitu. Waende kwa mama wakubwa na mama wadogo.

III. Makadhi, maliwali na mahakama

Baada ya kasha la bibi, hufuata daftari za Serikali, nazo hutofautiana nchi kwa nchi.

Unguja ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisuni tangu enzi za Masultani, na baada ya Waingereza kuishika nchi mwaka 1890 mahakama hizo ziliendelea, na kesi zikaandikwa. Katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, mna majalada ya kesi za makadhi ambazo mtu aweza kuziomba azisome. Makadhi wangaliko huko, nao wana sheria yao ya mwaka 2017, iliyochukua mahali pa ile ya 1985. Atafutaye habari za watu waliokuwa watumwa aangalie jambo moja zaidi. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa Unguja haikuwahesabu masuria kama watumwa wengine. Iliwaweka kama wake, wasitoke ila kwa kushtaki kwamba wametendwa kwa ukatili. Mambo hayo yalibaki hata amri ya 1909. Kwa hiyo mwanamke aliyetoka katika nyumba ya bwana wake miaka ile huenda hakuandikwa kama aliyeachwa wala kama aliyeachwa huru, illa katika kesi ya ukatili.

Pwani ya Kenya ilikuwa ya Sultani kwa jina hata mwaka 1963, lakini kwa mapatano ya 1895 ilitawaliwa na Waingereza. Makadhi waliachwa katika kazi zao, na sheria ya 1906 ikaagiza ndoa na talaka za Waislamu ziandikishwe. Hata leo Katiba ya 2010 yawataja makadhi. Basi mwenye ukoo wa Mvita, Malindi au Lamu ana mahali pa kuanzia: kwanza daftari za kadhi, kisha Nyaraka za Taifa za Kenya kule Nairobi.

Tanganyika njia yake ina mashimo. Wadachi walitawala kwa maliwali, maakida na majumbe, na kesi ndogo za nyumbani ziliamuliwa kwao. Waingereza walipokuja waliweka mahakama za wenyeji, na katika miji ya pwani liwali alikaa na kadhi kumwongoza katika sheria ya Kiislamu. Sheria ya mahakama ya mwaka 1963 ikaziondoa zote, zikaja mahakama za mwanzo. Kwa hiyo vitabu vya liwali havikuwa tena na mwenyewe. Vingine vilipelekwa Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, vingine vilibaki katika bohari za mahakama na za bomani, na vingine viliota mchwa. Mwaka 1971 ikatoka Sheria ya Ndoa, ambayo kwayo kutamka talaka peke yake hakuivunji ndoa mbele ya Serikali. Wagombanao sharti wapitie kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoayo hukumu, na talaka huandikishwa. Daftari za usajili wa namna hii ziko leo chini ya RITA. Ni vema mtafutaji ajiulize mwanzo kabisa: talaka hii ni ya kabla ya 1971 au baada yake? Jibu la swali hilo laweza kumwokolea safari nyingi.

IV. Bara, daftari lilikuwa ng'ombe

Ndugu zetu wa bara hawakuwa na kadhi wala hati, lakini tusidhani hawakuwa na kumbukumbu. Kwa makabila mengi ndoa ilifungwa kwa mifugo, na mifugo haisahauliki. Ndoa ikivunjika, wazee wa pande mbili walikaa wakahesabu: alitoa ng'ombe wangapi, wamezaa wangapi, na mwanamke amezaa watoto wangapi, maana kila mtoto alipunguza kiasi kitakachorudishwa. Siku mifugo iliporudishwa ndiyo siku ya talaka. Ikiwa haikurudishwa, kwa watu wengi wa bara mwanamke angali mke, na watoto atakaowazaa huko aliko waweza kudaiwa na mume wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, atafutaye talaka katika vitabu vya mahakama za wenyeji za bara asitafute neno "talaka". Atafute neno "mahari". Kesi imeandikwa kwamba fulani amdai mkwewe ng'ombe kadha na mbuzi kadha, na ndani ya madai hayo ndoa nzima imeelezwa tangu posa hata ugomvi. Na ili mtu aelewe hesabu zile, asome kwanza desturi za kabila lenyewe. Bruno Gutmann, padre wa Kilutheri aliyekaa miaka mingi Moshi, alitoa kitabu cha sheria za Wachaga mwaka 1926. Hans Cory na mwenzake Hartnoll walitoa cha Wahaya mwaka 1945, na Cory peke yake akatoa cha Wasukuma mwaka 1953. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika nayo ilitangaza maandiko ya sheria za mila, na humo ziko kanuni za kurudisha mahari.

V. Vitabu vya misheni

Msomaji atasema, "Misheni hazikubali talaka, basi vitabu vyao vitanifaa nini?" Vyafaa kwa namna mbili.

Kwanza, wengi waliokuja kubatizwa walikuwa wamekwisha kuoa, tena wengine wana wake wawili au watatu. Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana mwaka 1888 uliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe maadamu yu katika hali hiyo, bali wake zake waweza kupokewa pengine. Amri hiyo ililegezwa mwaka 1988 tu, baada ya miaka mia. Misheni nyingine pia zilikuwa na kanuni za namna moja na hiyo. Kwa hiyo mwanamume aliyetaka ubatizo alimshika mke mmoja na kuwaacha wengine. Wanawake wale waliachwa bila ugomvi na bila kosa, nao wajukuu wao mara nyingi hawajui sababu. Daftari za wanafunzi wa ubatizo, na vitabu vya habari za kila siku walivyoandika mapadre, zaweza kuwa ndizo habari za pekee za kuachwa kwao. Haifai tukazisoma kwa haraka. Palikuwa na mtu nyuma ya kila mstari.

Pili, Kanisa Katoliki huagiza kwamba mtu akioa, ndoa yake iandikwe pembeni mwa jina lake katika daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa, na vivyo hivyo ikiamuliwa kwamba ndoa ile haikuwa halali. Basi msomaji asiishie katika daftari la ndoa. Arudi katika la ubatizo, asome pembeni. Misheni kama Bagamoyo, iliyoanza 1868, na Peramiho, iliyoanza 1898, zimekwisha kuona vizazi vingi.

VI. Miezi, miaka na majina

Hapa ndipo wengi wapoteapo, na ndipo alipopotea jamaa mmoja katika kesi yetu.

Hati za makadhi na za walimu wa chuoni zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa mwaka wa Hijra. Mwaka huo wafuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo haiwezekani kuongeza 622 tu na kudhani umepata mwaka wa Kizungu. Njia nyepesi ni hii: uchukue mwaka wa Hijra, uugawanye kwa 33, jibu ulitoe katika mwaka ule ule, kisha uongeze 622. Mathalan, 1318 ukigawanywa kwa 33 ni kama 40. 1318 kutoa 40 ni 1278. Ukiongeza 622 wapata 1900. Na kweli mwaka 1318 ulianza Mei 1900. Jibu laweza kupungua au kuzidi kwa mwaka mmoja, lakini halitakupeleka mbali.

Miezi nayo ina majina yake ya Kiswahili. Mwezi ufuatao Ramadhani ni Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na hivyo hata Mfungo Tisa, ndipo Rajabu na Shaabani. Muharram, ulio mwezi wa kwanza wa Waarabu, kwetu ni Mfungo Nne. Tena siku ya Waswahili huanza jua likitua. Jambo lililotendeka Alhamisi baada ya magharibi limetendeka usiku wa Ijumaa. Mtu akiona hati yasema Ijumaa na shahidi mzee asema Alhamisi, asiwaite waongo. Wote wawili wasema kweli.

Fedha pia hutoa ushahidi. Mahari yakitajwa kwa reale, hati aghalabu ni ya zamani. Yakitajwa kwa rupia, twakumbuka ya kuwa shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1921 na rupia ikatoweka baadaye kidogo. Lakini watu wa pwani waliendelea kuhesabu kwa fedha za zamani midomoni mwao, basi hiyo ni dalili tu.

Kuhusu majina, mwanamke huandikwa kwa jina lake na la baba yake, fulani binti fulani, wala halibadiliki kwa kuolewa. Hilo ni jambo jema kwa mtafutaji. Ubaya wake ni kwamba majina ni machache na watu ni wengi. Na ukiona "binti Abdallah", usikimbilie kudhani kwamba umempata babu. Mara nyingi waliotoka utumwani walipewa jina hilo, maana yake mtumwa wa Mungu, kwa kuwa jina la baba halikujulikana au halikuulizwa.

VII. Mwisho wa kesi ya minazi

Tulimwuliza yule mtu kama bibi yake alikuwa na dada. Akasema alikuwa na dada mmoja, naye alikwisha kufa, lakini binti yake yu hai, ni kikongwe, akaa Pangani. Tulikwenda, tukamwamkia, tukakaa mkekani muda mrefu kabla ya kusema tulilolijia. Kisha yule Bibi akaamuru kasha lifunguliwe. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, palikuwa na karatasi nne. Tatu zilikuwa za shamba. Ya nne ilikuwa hati ya ndoa kuvunjika, yenye mashahidi wawili na mwaka 1348.

Tulipoirudisha, jamaa wa upande wa pili mmoja aliongeza 622 akapata 1970. Akasema, "Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa mwaka huo. Karatasi hii ni ya uongo." Baraza lote likaguna. Tuliomba kalamu, tukafanya hesabu mbele yao: 1348 kwa 33 ni kama 41. 1348 kutoa 41 ni 1307. Ukiongeza 622 ni 1929. Na mwaka 1348 ulianza Juni 1929, ukaisha Mei 1930. Mzee mmoja aliirudia hesabu ile kwa vidole vyake mara mbili, kisha akasema, "Ni kweli."

Likabaki neno la kuzaliwa. Wote walisema marehemu baba alizaliwa mwaka wa nzige. Lakini nzige waliingia nchi zetu mara nyingi tangu mwaka 1928, hata neno hilo halikufaa kitu peke yake. Tulikwenda kutazama daftari la shule aliyosoma. Lilionyesha ya kuwa alipoandikwa mwaka 1941 alikisiwa kuwa na miaka tisa. Kisio si hakika, lakini mtoto wa miaka tisa hafanani na wa miaka kumi na tatu.

Likabaki la mwisho, nalo ndilo gumu: ile rejea. Hapo tulimpa hati mwalimu wa chuoni aisome kwa sauti. Alisoma kwamba mwanamke amemrudishia mumewe mahari yake yote, naye mume amepokea na kumfungua. Akanyamaza, akatazama watu, akasema, "Hii ni khului. Hata kama mume alisema amemrejea, hakuwa na rejea ya kumrejea." Mjukuu wa mmoja wa wale mashahidi alileta karatasi za babu yake, zikalinganishwa, na mwandiko wa sahihi ukaonekana ni mmoja.

Shamba liligawanywa, na yule mtu akapata sehemu ya baba yake. Hatukuitaja habari hii ili kusifu kazi yetu, maana kama yule Bibi angaliichoma ile karatasi tusingaliweza kitu. Twaitaja kwa sababu ya neno alilolisema tulipomrudishia hati yake. Alisema, "Miaka yote tulisema dada ya mama aliachwa. Tulimwonea huruma bure. Kumbe alijitoa mwenyewe, tena kwa mali yake." Akaikunja karatasi, akairudisha katika kitambaa.

Basi twawaomba wasomaji wetu mambo matatu. La kwanza, waulize wazee wa kike wangali hai, wala wasiwaulize barazani mbele ya watu, maana talaka ina siri na aibu za watu ambao hawawezi tena kujitetea. La pili, wasiamini kila neno la kesi. Mtu akishtaki husema yale yatakayompa haki, na mume na mke wakigombana hakuna anayeeleza mema ya mwenziwe. Hati yatuambia kwamba ndoa ilivunjika na kwa njia gani. Haituambii walivyopendana kabla ya hapo. La tatu, wanakili. Waandike herufi za Kiarabu kama zilivyo, na chini yake Kiswahili, na tarehe zote mbili, na jina la mwenye kasha. Mchwa hawasubiri, na wazee wetu nao hawakai milele.

Wazee walisema pia, Akufukuzaye hakwambii toka. Huenda wengi wa wale tunaowahesabu kuwa walifukuzwa hawakufukuzwa. Walisimama wakatoka wenyewe, wakalipa, wakaandikiwa karatasi. Ni haki yao tuisome.